Kabla ya Kuomba Udaktari, Tubebe Machela



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme na wenzangu wa kidato cha sita, na pia na wale waliosoma hapa zamani ambao bado hulipokea gazeti hili huko waliko. Jambo langu ni moja. Nasema kwamba kijana anayetaka kusomea udaktari na afanye kwanza kazi katika huduma ya dharura, yaani kazi ya kuwaokota watu walioumia au waliozidiwa na ugonjwa, kuwatunza njiani, na kuwafikisha hospitali. Aifanye kabla hajajaza fomu ya chuo kikuu. Najua wengi hawatakubali, hata katika bweni letu, na ndiyo sababu naandika.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa bayolojia alituuliza ni nani kati yetu anataka kuwa daktari. Mikono ilinyoshwa karibu yote. Kisha akauliza ni nani amewahi kumshika mgonjwa asiye ndugu yake. Mikono ikashuka, ikabaki mitatu. Mwalimu hakusema neno, aligeuka akaendelea kuchora moyo ubaoni. Nami tangu siku ile nawaza, hawa wenzangu wanataka nini hasa? Mmoja ataka udaktari kwa kuwa alama zake za kemia ni nzuri. Mwingine ataka kwa kuwa mama yake amekwisha kuwaambia majirani. Wako wanaotaka kwa sababu daktari huitwa daktari mpaka siku ya kufa kwake, na hilo si jambo dogo. Lakini sikumsikia hata mmoja akisema kwamba apenda kukaa na mtu mwenye maumivu. Hawajui kama wapenda, maana hawajapata kujaribu.

Wala chuo hakitawauliza. Katika Uganda huhesabiwa alama za mtihani wa mwisho, na mwenye alama za kutosha huingia, akasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitali chini ya wakubwa wake. Kwa wenzetu wa Kenya wenye cheti cha KCSE masomo ni miaka sita, na huko pia kinachotazamwa ni alama. Wako wachache wanaoingia kwa mlango mwingine, nao ni wale wenye stashahada ya utabibu au ya uuguzi ambao wamekwisha kufanya kazi. Daktari mmoja aliyesoma hapa zamani alipotutembelea alisema watu hao hutambulikana siku ya kwanza wodini, kwa kuwa ndio wasiosimama mlangoni.

Sasa tazameni mahali tunapoishi. Mtu akisimama juu ya jiwe la Tororo ataona malori yakija kutoka Malaba kama siafu. Mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Kongo na Sudani ya Kusini hupita Malaba au Busia, na barabara hizo mbili huungana kabla ya kufika Bugiri. Katikati ya malori hayo wapita watoto waendao shule, ng'ombe, wanawake wenye vikapu vya samaki kutoka ziwani, baiskeli, na boda boda. Hilo neno boda boda tusisahau kwamba lilizaliwa hapa kwetu. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia walikuwa wakiwapakia watu juu ya baiskeli kutoka forodha ya upande mmoja mpaka forodha ya upande wa pili, wakiita kwa sauti neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili mbili. Leo neno hilo lasemwa mbali sana na hapa. Baiskeli zimekuwa pikipiki, na pikipiki zimejaza wodi za mifupa.

Shirika la Afya la Dunia lasema ajali za barabarani huua watu karibu milioni 1.2 kila mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua kuliko ajali hizo. Umri huo ni wetu sisi. Katika Uganda peke yake hufa watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na katika Kenya vivyo hivyo. Wala sisemi habari za ajali tu. Mama mjamzito anayetoka damu usiku kule Samia au kule Mukujju naye ni mtu wa dharura. Wataalamu wa uzazi walikwisha andika tangu mwaka 1994 kwamba ucheleweshaji unaowaua akina mama ni wa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Daktari aliyekaa wodini aweza kuuponya ule wa tatu. Wa njiani ni nani auponye?

Kila mmoja wetu amekwisha ona jinsi majeruhi anavyochukuliwa hapa. Watu hukusanyika. Mmoja hushika mikono, mwingine miguu, shingo yaning'inia. Hutupwa nyuma ya pikapu ya polisi au hukalishwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, mmoja akimshikilia asianguke. Nao hufanya hivyo kwa wema kabisa, siwacheki. Gari la wagonjwa likiwapo, mara nyingi dereva yuko peke yake, na mgonjwa hulala nyuma na dada yake anayelia. Tumeona pia magari yaliyotolewa na wabunge, yenye picha kubwa ya mbunge ubavuni na taa nzuri juu. Kwangu mimi gari lenye king'ora lisilo na mtu aliyefundishwa ni teksi ya haraka. Serikali zetu zajua jambo hili. Kenya ilitoa sera yake ya tiba ya dharura mwaka 2020, na Uganda ikatoa yake mwaka 2021. Lakini sera haibebi mtu. Watu hubebwa na watu, na hao watu ndio tulio nao kidogo.

Mwezi wa Julai 2021 lori la mafuta lilianguka Malanga, katika barabara ya kutoka Kisumu kuja Busia. Watu wa karibu walikuja na madumu kuteka petroli. Ikawaka, na zaidi ya watu kumi wakafa. Yalikuwa ni yale yale ya Sachangwan mwaka 2009, ambako walikufa zaidi ya mia moja. Nimewasikia wenzangu wakisema wale walikuwa wajinga. Mimi naona walikuwa maskini, tena hapakuwa na mtu pale wa kusimama barabarani na kuwazuia kwa sauti wanayoiamini. Kazi ya kwanza anayofundishwa mtu wa huduma ya dharura, kabla ya bendeji wala machela, ni kutazama kama mahali penyewe ni salama, na kuwaondoa watu. Mtu wa namna hiyo akiwa mwana wa kijiji kile kile, anayejulikana baba yake na mama yake, atasikilizwa kuliko askari.

Sasa nieleze kidogo niliyoyaona mwenyewe, nisije nikaambiwa nasema ya vitabuni. Likizo mbili zilizopita nilikuwa pamoja na kikundi cha watu wa kujitolea wa huduma ya kwanza upande wa mpakani. Tulifundishwa siku kadhaa, tukapewa glavu na mfuko wa bendeji, tukaambiwa wazi yale ambayo haturuhusiwi kuyafanya: tusidunge sindano, tusitoe dawa, tusivute mfupa uliovunjika, tusimpe majeruhi maji ya kunywa hata akilia. Siku nyingi hakutokea kitu. Hilo nalo lafaa kujulikana kwa wale wanaodhani ni kazi ya king'ora mchana kutwa. Tulikaa chini ya mwembe, tukahesabu bendeji, tukaosha machela, tukangoja.

Kisha jioni moja taniboi mmoja aliteleza akishuka juu ya lori na mguu wake ukabanwa. Damu ilikuwa nyingi. Kiongozi wetu, mama mmoja aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, aliniambia, "Kijana, weka kitambaa hapa, bonyeza, usifunue kutazama." Nikabonyeza. Yule taniboi alikuwa mtu wa pwani, mkubwa kwangu labda kwa miaka kumi. Akaniuliza, "Daktari, nitakatwa mguu?" Huku kwetu ye yote mwenye glavu ni daktari, na ng'ambo ya mpaka ni musawo. Nilimtazama mama, naye akanitikisia kichwa nijibu mwenyewe. Nikamwambia, "Kaka, mimi si daktari, ni mwanafunzi. Sijui habari za mguu. Lakini damu inapungua, nami siondoki hapa mpaka ufike." Akauliza jina langu, akawa akiliita njia nzima, kila gari liliporuka kwenye shimo. Hospitali tuliyofika hatukumkuta mtu mlangoni, tukangoja kwa muda niliouona mrefu mno. Mkono wangu ulikufa ganzi. Mama yule alikuwa ameandika saa ya ajali na saa tuliyoanza kubonyeza juu ya kipande cha plasta, akakibandika kifuani mwa mgonjwa ili daktari asihitaji kuuliza. Jambo dogo kama hilo silipati katika kitabu changu cha bayolojia, ijapokuwa kina kurasa zaidi ya elfu.

Baada ya hapo tulirudi kuosha gari kwa maji ya klorini. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye akili kuliko mimi, alitapika nyuma ya gurudumu. Alijaribu tena mara mbili siku nyingine, kisha akasema hapana, akachagua uhandisi. Wengine walimcheka. Mimi nasema amejiokolea miaka mitano, na amewaokolea wazazi wake karo, na labda kuna mgonjwa mahali fulani naye ameokoka. Kama angaliyajua hayo akiwa mwaka wa tatu chuoni, angaliweza kurudi nyuma kwa urahisi? Jamaa wote wangalikuwa wamekwisha mwita daktari.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya kigeni, au kwamba yahitaji mashine kubwa. Mwaka 2008 huko Kampala walifundishwa watu 307, polisi na madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, namna ya kumtunza majeruhi mpaka afike hospitali. Na karibu nasi zaidi, Iganga, njia hii hii ya malori, mwaka 2016 walifundishwa waendesha boda boda 154. Walifunzwa kuzuia damu, kuweka njia ya pumzi wazi, kufunga mfupa, na kumwinua mtu bila kumpinda. Walipofuatwa baada ya miezi kadhaa wengi walikuwa wamekwisha kuyatumia mafunzo yao barabarani. Hawa ni watu ambao baadhi yao hawakumaliza shule ya msingi. Ikiwa mwendesha boda boda wa Iganga aweza, sisi tunaosoma fizikia, kemia na bayolojia twajisikiaje tukipita tu?

Tena kuna historia ambayo wengi wetu hatufundishwi, nayo yatuhusu sana sisi wa shule za misheni. Katika vita ya kwanza ya dunia, Waingereza na Wajerumani walipopigana katika nchi ambayo leo ni Tanzania, walichukuliwa wapagazi wengi mno wa Kiafrika, wale wa Kariakoo. Wengi walikufa, na waliouawa na kuhara damu na magonjwa mengine walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mwaka 1917 daktari mmoja wa Kiingereza, G. J. Keane, aliunda katika Uganda kikosi cha Waafrika wa kuuguza, na vijana wake aliwatafuta katika shule za sekondari za misheni, kwa kuwa walijua kusoma na kuandika. Walikuwa wa umri wetu. Walitoka madawatini wakaenda kubeba machela, kufunga vidonda na kuwalisha watu wasioweza kuinuka. Aliyeshirikiana na Keane kukiongoza kikosi hicho, D. G. Tomblings, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa Makerere mwaka 1924, na mwaka huo ndipo mafunzo ya utabibu yalipoanzia Makerere. Kwa hiyo katika nchi hii vijana wa misheni walibeba machela kwanza, na chuo cha udaktari kikaja baadaye. Sisi tumeanza na chuo, na machela tumewaachia wengine.

Katika Marekani iko habari nyingine niipendayo. Mji wa Pittsburgh, kabla ya mwaka 1967, majeruhi walikuwa wakichukuliwa na gari la polisi, kama hapa kwetu, bila matibabu yo yote njiani. Mwaka huo daktari Peter Safar na wenzake wakawafundisha vijana weusi wa mtaa maskini, wengi wao hawakuwa na kazi, wakaunda huduma iliyoitwa Freedom House. Ilikuwa mojawapo ya za kwanza duniani kumtibu mgonjwa ndani ya gari kwa ustadi wa kweli. Katika miaka ya 1970 walisimamiwa na daktari mwanamke, Nancy Caroline, naye katika miaka ya 1980 alikuja akafanya kazi Nairobi na AMREF, shirika lile lililoanzisha madaktari wa ndege mwaka 1957. Leo Wamarekani wengi wanaotaka udaktari hufanya kazi katika magari ya wagonjwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuomba. Kwao ni rahisi, kwa kuwa huingia shule ya udaktari baada ya kumaliza digrii nyingine, wana muda. Sisi huingia tukiwa vijana wa miaka kumi na tisa.

Lakini muda nasi tunao. Mtihani wetu humalizika kabla ya Krismasi, na chuo hufunguliwa Agosti au baada yake. Ni miezi minane hivi. Miezi hiyo sisi hufanya nini? Wengine hufundisha katika shule za jirani bila kujua kufundisha. Wengine huuza simu. Wengine, kusema kweli, hulala.

Mjomba wangu nilipomweleza nia yangu alikasirika. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kenya, na alikuwa ameniwekea nafasi dukani kwa miezi hiyo. Akasema, "Mwanangu, tumekusomesha ili ubebe maiti? Kazi hiyo ni ya walioshindwa shule." Nikamjibu kwa adabu, "Mjomba, wakibebwa vizuri hawawi maiti." Alinyamaza, kisha akasema nizungumze na mama. Mama naye aliuliza swali ambalo Mjomba hakuliuliza: wadogo wangu watalipiwa karo na nani ikiwa miezi minane sileti kitu nyumbani?

Hilo ndilo swali gumu. Siwezi kuwaambia wenzangu wafanye kazi bure wakati nyumbani hakuna chumvi. Kujitolea ni neno tamu kwa mtoto wa tajiri. Ndiyo sababu nageukia sasa kwa wazee wetu waliosoma hapa. Mwaka jana mlitununulia kikombe kikubwa cha mpira, nasi twawashukuru, ijapokuwa hatujakishinda bado. Je, hamwezi kuwalipia vijana watatu kwa mwaka nauli, chakula cha mchana, na posho kidogo, wafanye kazi miezi sita pamoja na watu wa huduma ya dharura hapa mpakani? Na wale kati yenu mlio waganga wa wilaya, makatibu wa kaunti, au wenye magari ya wagonjwa, hamwezi kuwakubali vijana hao wakae nyuma ya gari chini ya mtu aliyehitimu? Walipiwe pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni sindano tatu, kabla hawajagusa damu ya mtu. Na waelezwe tangu siku ya kwanza kwamba ye yote aliyejichoma na sindano aseme mara moja, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yapasa ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Mambo haya si ya kutisha mtu, ni kanuni za kazi.

Labda mtu atasema, basi vyuo vikuu viwape alama za ziada waliofanya kazi hii. Hapo mimi sikubali, na najua baadhi ya rafiki zangu watashangaa. Siku vyuo vitakapoanza kuhesabu barua za huduma ya dharura, barua zitauzwa. Mtoto wa mkubwa atapata barua yenye muhuri bila kumwona mgonjwa hata mmoja, na mtoto wa mkulima wa Osukuru atakosa mara mbili. Alama za mtihani zina ubaya wake, lakini angalau karatasi ya mtihani haijui baba yako ni nani. Mimi nataka kazi hii iwe desturi yetu wenyewe, kama vile watu wa zamani walivyokuwa na desturi ya kumpima kijana kabla ya kumpa neno kati ya wakubwa. Chuo kisiulize. Tujiulize sisi.

Wako pia wanaoogopa kwamba kijana wa wiki mbili za mafunzo atajifanya daktari kijijini. Hofu hiyo ni ya haki. Nimemwona mmoja aliyenunua koti jeupe. Dawa yake ni kwamba asifanye kazi peke yake hata siku moja, awe chini ya mtu wa kumwambia nyamaza. Hata hivyo nauliza: kati ya kijana anayejua kubonyeza kidonda na kunyamaza, na umati wa watu wanaomkokota mtu kwa mikono, utachagua nini siku ambayo aliyelala barabarani ni ndugu yako?

Na wale watakaoona baada ya miezi hiyo kwamba udaktari si wao, lakini kazi ya gari ndiyo yao, wasihesabiwe kuwa wameanguka. Kenya ina mafunzo ya ufundi wa tiba ya dharura yanayotolewa na vyuo kama KMTC, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina kampuni yake ya magari ya wagonjwa tangu mwaka 2010. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2010 kuwafundisha madaktari wawe mabingwa wa dharura. Hao mabingwa watafanya nini ikiwa mgonjwa hufika mlangoni amekwisha kufa?

Kwa upande wetu hapa shuleni, mwalimu wa bayolojia amekubali kutupa chumba cha maabara kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na yule mama muuguzi mstaafu amekubali kuja kutufundisha, akilipiwa nauli ya boda boda tu. Tutaanza na mambo manne: kuzuia damu, njia ya pumzi, kumwinua mtu, na namna ya kusema naye. Machela hatuna, tutatumia mlango wa zamani wa stoo. Karatasi ya majina imebandikwa karibu na maktaba tangu Jumatatu. Leo ninapoandika yako majina saba. Wawili ni wa masomo ya historia, na mmoja ameandika jina lake kwa kalamu ya risasi, nadhani ili aweze kulifuta.